Mgombea binafsi alishinda mahakamani, mbona hayumo kwenye karatasi ya kura?

Mkazi wa Ujiji
Waungwana, naomba tulijadili jambo hili bila matusi. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, aliamua, katika shauri lililofunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba raia anaweza kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama. Kabla mwaka haujaisha Bunge likabadili Katiba na kuuziba mlango huo. Mchungaji Mtikila hakukata tamaa: alirudi Mahakama Kuu na kushinda tena mwaka 2006, akashindwa Mahakama ya Rufani Juni 2010, kisha akaenda Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha na kushinda Juni 2013. Amefariki mwaka 2015, na tangu vyama vingi virejee mwaka 1992 hatujaona mgombea binafsi hata mmoja kwenye karatasi ya kura. Je, mahakama zina nguvu gani basi juu ya sheria za uchaguzi? Mimi nasema zinayo, na ushahidi tunao hapa Kigoma. Matokeo ya uchaguzi mdogo wa mwaka 1994 yalitenguliwa, na Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba Radio Tanzania ilimpendelea mgombea wa chama tawala dhidi ya Dk. Aman Walid Kabourou. Wenzetu wa Tabora walikuja kuijua kesi ya uchaguzi mwaka 2012, shauri la jimbo lao la Igunga lilipowafika shingoni.

Mwana Isevya
Ndugu wa Ujiji, hoja yako ni nzuri, lakini sentensi ya mwisho imeiharibu. Igunga haikuwa kesi ya kutajwa kwa mkato. Mbunge alijiuzulu mwaka 2011, Dk. Dalaly Kafumu akatangazwa mshindi, na Agosti 2012 Mahakama Kuu hapa Tabora ikautengua ubunge wake. Miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa ilikuwa ahadi ya daraja la Mbutu iliyotolewa na waziri wakati wa kampeni. Mahakama ya Rufani ilikuja kumrudishia kiti chake, lakini hiyo ni habari nyingine. Tena nikukumbushe kwamba kwa miaka mingi huko Kigoma, mwisho wa reli, hamkuwa na Masjala ya Mahakama Kuu. Mlikuja kwetu na treni, majalada mkono mmoja na ndoo ya dagaa mkono wa pili, mkirudi makwenu mnajiita mabingwa wa sheria.

Mama Mwandiga
Kaka wa Isevya, hiyo treni unayoitaja kwa dhihaka mimi nimeipanda nikiwa shahidi, nikafika Tabora alfajiri nikiwa sijui nitalala wapi. Nilikuwa wakala kituoni, na nakala ya fomu ya matokeo niliyopewa ilikuwa ya chini kabisa kwenye kaboni, wino umepauka kiasi kwamba tatu na nane zilikuwa mapacha. Niliihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, nikailalia kama hati ya shamba. Siku ya kusikilizwa shauri likaahirishwa. Niliporudi mara ya pili, wakili wa upande wa pili aliinyanyua ile fomu kuelekea dirishani, akaniuliza kwa upole sana kama nina hakika ile ni nane. Nilikuwa na hakika, kwa sababu niliziona kura zikihesabiwa, lakini karatasi haikuwa na hakika. Kwa hiyo kabla hatujaulizana kama Mahakama ina nguvu juu ya Bunge, tuulizane kwanza ni nani anayeweza kufika mbele ya jaji.

Karani Mstaafu
Mwanangu wa Mwandiga, pole. Uliyoyasema yana historia yake mahakamani. Sheria ya uchaguzi iliwahi kusema kwamba msajili asipange tarehe ya kusikiliza shauri la uchaguzi mpaka mlalamikaji aweke shilingi milioni 5 kama dhamana ya gharama. Julius Ndyanabo alikipinga kifungu hicho, na Februari 2002 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ikakitangaza kuwa kinyume cha Katiba kwa kuwa kilimzuia mtu asiye na fedha kuifikia haki. Hapo ndipo Mahakama ilipoonyesha nguvu, tena bila makelele. Sheria ikabadilishwa, kiasi kikawa hakizidi milioni 5, na mtu asiye na uwezo akaruhusiwa kuomba asamehewe.

Kijana wa Nguruka
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, umeisimulia nusu tamu ukaiacha nusu chungu. Hiyo milioni 5 ni kwa kila mjibu maombi. Ukimshtaki mbunge aliyetangazwa, msimamizi wa uchaguzi na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, tayari unazungumzia milioni 15, na hujamlipa wakili wala hujamnunulia shahidi chai. Maombi ya kusamehewa nayo yanahitaji wakili wa kuyaandika.

Karani Mstaafu
Marahaba, kijana. Sikuficha kitu. Nimesema hakizidi, na jaji anaweza kupanga pungufu. Nimekaa masjala miaka mingi, usinifundishe kugonga muhuri.

Kijana wa Nguruka
Sikufundishi, mzee wangu, nakuuliza. Tena umesahau shauri la Lema wa Arusha. Waliompeleka mahakamani walikuwa wapiga kura, Mahakama Kuu ikautengua ubunge wake Aprili 2012, na mwezi Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia kwa hoja kwamba mpiga kura hawezi kufungua shauri iwapo haki yake mwenyewe haikuguswa. Huyu mama mwenye fomu kwenye nailoni, kama aliyegombea ameamua kunyamaza au amenunuliwa, ataipeleka wapi? Na muda wenyewe ni siku 30 tangu matokeo yatangazwe.

Mwana Isevya
Mimi sikumdhihaki dada wa Mwandiga, nilimjibu wa Ujiji aliyeanza uchokozi. Hata hivyo tusiilaumu Mahakama kwa kila jambo. Takrima ilihalalishwa na Bunge mwaka 2000, mgombea akaruhusiwa kugawa vyakula na vinywaji kwa jina la ukarimu wa Kiafrika, na ni Mahakama Kuu iliyoifuta Aprili 2006. Je, hiyo si kutunga sheria ya uchaguzi?

Mkazi wa Ujiji
Ahsante, sasa turudi kwenye swali. Takrima ilifutwa na ikabaki imefutwa, lakini mgombea binafsi aliruhusiwa na akazuiwa. Maoni yangu ni kwamba Mahakama huheshimiwa inapogusa sahani ya pilau, na huambiwa ikae kando inapogusa mamlaka ya vyama. Angalieni wakurugenzi wa halmashauri: Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema kuwatumia kama wasimamizi wa uchaguzi ni kinyume cha Katiba, katika shauri la Bob Chacha Wangwe, na kufika Oktoba uamuzi huo ulikuwa umeshatenguliwa na Mahakama ya Rufani. Mwezi uliofuata Serikali ikaliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kwenda Mahakama ya Afrika, Arusha, moja kwa moja.

Karani Mstaafu
Wa Ujiji, unachanganya mambo. Mwaka 2010 majaji saba wa Rufani hawakusema mgombea binafsi ni dhambi. Walisema suala hilo ni la kisiasa na linapaswa kuamuliwa na Bunge. Jaji hakuchaguliwa na mtu, na akianza kuongeza sifa za wagombea kwenye Katiba, kesho atazipunguza, nanyi mtalia.

Mkazi wa Ujiji
Mzee, Bunge hilo hilo limejaa watu waliodhaminiwa na vyama. Unamtaka aliyekalia kiti aamue kama wengine waletewe viti?

Kijana wa Nguruka
Wakenya walimsikia jaji akiufuta uchaguzi wa rais Septemba 2017, na Malawi wakafuata Februari 2020. Sisi Ibara ya 41(7) inasema Tume ikishamtangaza Rais hakuna mahakama itakayouchunguza uchaguzi wake. Mahakama ya Afrika ilisema Julai 2020, katika shauri la Jebra Kambole, kwamba kifungu hicho kinakiuka haki. Kimebaki palepale.

Mama Mwandiga
Mmekwisha kupanda hadi kwa Rais na mimi bado niko stesheni. Mzee Karani, nauli ya shahidi hulipwa na nani?

Karani Mstaafu
Hulipwa na aliyemwita, mwanangu. Akishinda shauri anaweza kudai gharama zake.

Mama Mwandiga
Aliyeniita alishindwa, kwa sababu kasoro zilitakiwa zithibitishwe bila kuacha shaka, na tena ionekane kwamba ziliathiri matokeo. Alikuwa ameshauza kiwanja kwa ajili ya dhamana. Nilirudi kwa fedha yangu.

Mkazi wa Ujiji
Dada, nasikitika, lakini huo ndio ubaya wa kumfunga mtu kwenye chama. Mwaka 1960 kule Mbulu, Herman Sarwatt alisimama peke yake akamshinda mgombea wa TANU, na nchi haikuanguka.

Mwana Isevya
Sarwatt alishinda kwa kura, kaka. Huyo wako wa leo, akiporwa ushindi, atakuja Mahakama Kuu bila chama nyuma yake, atahitaji hizo milioni 15, mawakala aliowatafuta mwenyewe kituo kwa kituo, na mashahidi wa kulazwa mjini shauri likiahirishwa. Umemdaia mlango kwa miaka 30. Niambie hapo ndani atakaa na nani.