Kitabu cha mazoezi kimesahau urefu wa daraja, mtoto amepewa sifuri

Ndugu wanajamvi, nimeshindwa kunyamaza. Mwanangu amenyimwa alama zote katika swali alilolikokotoa kwa usahihi, kwa sababu tu msahihishaji alifuata majibu yaliyochapishwa nyuma ya kitabu cha mazoezi, nayo ni ya makosa.

Swali lenyewe ni hili: treni inayokwenda kwa kasi ya kilometa 72 kwa saa inavuka daraja lenye urefu wa meta 420 kwa sekunde 30, tafuta urefu wa treni. Kasi hiyo ni meta 20 kwa sekunde, kwa hiyo katika sekunde 30 treni imekwenda meta 600. Kitabu kinaishia hapo na kutangaza kwamba treni ina urefu wa meta 600! Mwandishi amelifanya daraja kuwa nguzo. Treni inapoipita nguzo, umbali unaohesabiwa ni urefu wake peke yake. Lakini inapovuka daraja, muda huanza kuhesabiwa kichwa kinapoingia na hukoma behewa la mwisho linapotoka upande wa pili, hivyo zile meta 600 ni za daraja na treni kwa pamoja, na treni yenyewe ni meta 180. Mwanangu aliandika 180, tena akachora na mchoro unaoonyesha treni ikiingia na ikitoka.

Nilipokwenda kuuliza, nilijibiwa kwamba kanuni ni kasi mara muda, basi. Sikatai kanuni. Lakini treni ya meta 600 kwa kasi hiyo ingetumia sekunde 30 kuipita nguzo moja tu, na daraja hilo lingeidai sekunde 51. Je, daraja la meta 420 limevukwa kwa muda wa nguzo?

Swali linalofuata linaniudhi zaidi, kwa kuwa linauliza treni hiyo "iko juu ya daraja" kwa muda gani, bila kusema kama ni treni nzima au sehemu yake. Treni nzima huwa juu ya daraja kwa sekunde 12. Sehemu yake yoyote, kwa sekunde 30. Mtoto aandike lipi?

Ninadai alama za mwanangu zirudishwe, na za kila mtoto aliyeandika 180. Mwenye kitabu chenye swali hili nyumbani, tafadhali akague daftari la mwanawe leo.