Imeli zinanizidi kazini, wenzangu mnafanyaje?

Mwanaujiji:
Wakuu habari za asubuhi. Mi niko manunuzi kwenye shirika moja hapa Kigoma mjini, tuna ofisi ndogo Kasulu na Kibondo, sasa Jumatatu nafungua kompyuta nakuta imeli 140 tangu Ijumaa jioni, nyingi wameniCC tu, yaani nimetumiwa nakala, hata hazinihusu. Kumbe katikati ya mabishano ya ukumbi wa mkutano kuna mwenzetu wa Kibondo kaandika pampu ya maji imekufa anaomba kipuri, nimekuja kuiona Jumatano. Watu wamefuata maji mbali siku nne nzima na kipuri kiko stoo hapahapa. Imeniuma sana. Nyumbani Mwanga nasoma imeli mpaka saa nne usiku, watoto wameshalala, na bado sizimalizi.

Binti wa Isevya:
Pole sana kaka. Niko uhasibu Tabora, nilipita humohumo. Kama mnatumia Outlook tengeneza rule, yaani amri ya kupanga imeli zenyewe, imeli yoyote ambayo jina lako liko kwenye CC iende folda yake, inboksi zibaki zile ulizoandikiwa wewe. Hiyo folda naipitia mara moja tu, baada ya chakula cha mchana. Gmail pia inawezekana, kwenye filta andika cc:me. Notifikesheni za simu nilizima kabisa, wiki ya kwanza nilikuwa na wasiwasi kwelikweli ila hakuna kilichoharibika.

Mgebuka:
Rule sawa, ila jamani pampu imekufa unaandika imeli? Hiyo ni ya kupiga simu. Sisi huku Kasulu mtandao ukikata imeli inakaa haijatoka hata masaa, ndio maana tulikubaliana na bosi, dharura ni simu, imeli inafuata kwa ajili ya kumbukumbu. Halafu jambo jipya lianze na imeli mpya, sio kichwa kinasema "RE: RE: Ukumbi" ndani kuna pampu.

Mwanaujiji:
Kweli kabisa, alijibu palepale kwenye ya ukumbi kwa sababu ndio ilikuwa juu. Leo nampigia nimwombe radhi, na hiyo ya simu naipeleka kikao cha Ijumaa. Dada, rule nimeweka sasa hivi zimehama 86 kwa mpigo! Ila bosi mwenyewe ndo anayeniCC kila kitu, na zake ziende huko?

Binti wa Isevya:
Hapana, za bosi ziwekee rule nyingine juu ya hiyo, zibaki inboksi, na uweke tiki pale pa kuzuia rule zinazofuata zisiziguse.