Bunduki 303 ya Mwingereza imegongwa "U.S. PROPERTY": nimeuziwa mali ya serikali?

Dereva wa Muheza

Wakuu habari za humu. Mimi mtu wa Muheza, niko Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na moja huu, naendesha malori. Babu mzaa mama alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles wa Mwingereza, akapelekwa vitani Bama (Burma) mwaka 1944. Hadithi zake zote zilikuwa mvua, ruba na "thri-o-thri", yaani bunduki yake ya 303. Medali zilipotea, picha hatuna hata moja. Nikajiapiza siku moja nitaipata bunduki kama yake.

Jumamosi nikaikuta kwenye mnada wa vitu vya marehemu, mkulima mmoja huku mashambani. 303 aina ya Lee-Enfield No. 4 Mk I*, mbao zote zipo, wawindaji hawajazikata. Dola 480. Nimefika nyumbani, nimewasha taa ya mezani nisome maandishi, jasho likanitoka: ubavu wa kushoto pameandikwa U.S. PROPERTY. Bunduki ya Mwingereza! Mimi nina green card tu, sitaki kesi na serikali ya watu. Halafu namba ya kwenye bolti (kile chuma cha kusukumia risasi ndani) haifanani na ya kwenye mwili. Na mbao ni nyeusi tii kwa grisi, mke wangu ameshanunua msasa. Nifanyeje?

Kitako Kikuukuu

Kwanza kabisa, mnyang'anye shemeji huo msasa. Ukikisugua kitako unakula mihuri ya wakaguzi iliyogongwa kwenye mbao, na ikishafutika hairudi. Thamani ya bunduki nayo imeondoka na vumbi. Chukua kitambaa na tapentaini kidogo, futa, acha, futa tena, hata wiki nzima. Ikishatakata, paka mafuta ya kitani mabichi kwa kiganja. Ndiyo waliyotumia wanajeshi wenyewe. Vanishi usiisogeze karibu.

Muhuri usikutie homa. Tafuta herufi S ndani ya mraba, na namba yenye C katikati. Ukiviona, imetoka kiwanda cha Savage, Chicopee Falls, Massachusetts. Waingereza walikuwa wameishiwa fedha, na Machi 1941 Marekani ikapitisha sheria ya kuwaazima silaha bila kuwauzia. Kitu cha kuazima lazima kiwe na mwenyewe, kwa hiyo wakagonga U.S. PROPERTY. Zilitengenezwa zaidi ya milioni moja namna hiyo. Hakuna anayekuja kuidai.

Sasa hilo la namba ndilo linalonitisha mimi, wewe umelipitia mbio. Bolti ya bunduki nyingine maana yake nafasi kati ya kichwa cha bolti na risasi inaweza kuzidi, ganda likapasuka mbele ya uso wako. Vichwa vya bolti vya No. 4 vina namba, 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Fundi bunduki akupimie kwa geji, abadili kichwa ikibidi. Kabla ya hapo usiweke risasi.

Na kwa kuwa ni Mk I*, vuta bolti nyuma uangalie reli ya kulia. Pana pengo dogo la kutolea kichwa. Pitisha ukucha kwenye kingo zake. Pakiwa pamemeguka, kichwa kitakuwa kinaruka nje ya reli ukivuta bolti. Mimi nilinunua moja hivyo, nikajifanya sijaona kwa sababu kitako chake kilikuwa kizuri. Ipo ukutani mpaka leo.

Mwana Chumbageni

Mkuu, si uitie tu kwenye kontena pamoja na friji na nguo, ije ikae nyumbani kwa babu?

Kitako Kikuukuu

Usithubutu! Huko Marekani kunatakiwa kibali cha kuitoa, huku Tanzania kibali cha kuiingiza na leseni ya kumiliki. Ukiificha kwenye friji hiyo ni magendo ya silaha, hakuna hakimu atakayesikiliza habari za babu.

Muheza, swali moja: babu alikuwa akisemaje kuhusu singe yake? 303 za vita ile zilikuwa zaidi za aina mbili. Ya zamani, No. 1, ina pua butu na singe yake ni ndefu kama sime. No. 4 mtutu unachungulia nje ya mbao, na singe yake ni kama msumari tu.

Dereva wa Muheza

Nimerudi kutoka safari ya Nebraska. S ndani ya mraba ipo, C ipo. Nimelala usingizi. Ukucha umenasa kidogo kwenye kile kipengo, kona moja imekatika kama punje ya mchele. Fundi ameandikiwa miadi Alhamisi, lakini naona kama nitaitundika. Msasa tumetumia kwenye kiti cha jikoni.

Kuhusu singe nimempigia mama. Akacheka, akasema babu alijisifu kwamba Bama alikuwa akichanjia kuni kwa singe mpaka ofisa akamkamata, akambebesha masanduku ya risasi siku tatu.

Kwa msumari hakuna kuni inayochanjika. Kwa hiyo naanza kutafuta yenye pua butu. Mke bado sijamwambia.

Kitako Kikuukuu

Usimwambie kabla hujapiga kiti vanishi.