Naomba ushauri: chumba cha chandarua kwenye turubai la gari-nyumba

Habari zenu wakuu. Nina gari-nyumba lenye turubai la kivuli la kukunjua ubavuni. Mbu wametuchosha, jioni hakuna anayekaa nje, kwa hiyo nikanunua chumba cha chandarua kinachoning'inia kwenye turubai hilo. Ukingo wake wa juu unaingia kwenye mfereji wa bomba la mbele (lile turubai linalojiviringishia), pembeni kuna zipu, chini unapigilia vigingi.

Kukifunga si kazi. Shida ni upepo. Turubai tupu ukiona hali imechafuka unalikunja dakika moja, lakini likishabeba kuta huwezi kulikunja mpaka uzivue zote kwanza. Juzi upepo ulitukuta usingizini; asubuhi mkono mmoja wa turubai nikaukuta umepinda kidogo. Mke wangu anasema alinionya, na kweli alinionya.

Mikono ya turubai langu ni ile ya umeme, inayoshikilia kwenye bodi ya gari tu, haina miguu ya kufika chini. Je, nikiweka nguzo mbili chini ya bomba na kamba za kukaza zitasaidia, au nahamishia mzigo kwingine? Mvua nayo: nishushe upande mmoja maji yatiririke, ila kuta zitakaa sawa kweli?

Halafu ile nafasi chini ya gari, mbu wanapita humo kama mlango wao. Mnaizibaje? Nimejaribu mkeka, ukapeperuka.

Au niachane nacho nitafute hema la chandarua linalosimama lenyewe?