Mnalinganisha PS5 na Xbox kwa teraflopu, sehemu ya CD mnainyamazia!

Wakuu, nimechoka. Kila uzi wa mashine za gemu, PS5 (PlayStation 5 ya Sony) na Xbox ya Microsoft, ni teraflopu tu, kipimo cha nguvu ya kuchora picha: Xbox Series X ina 12, PS5 ina 10.28, watu wanatukanana kutwa nzima. Kwenye runinga ya inchi 32 sebuleni tofauti hiyo huioni! Kinachomuumiza mnunuzi wa huku ni kama mashine ina pa kuingiza CD, na hilo hamlisemi.

Mdogo wangu kauziwa Xbox Series S Kariakoo, kaambiwa ni sawa na Series X ila bei nafuu. Si sawa! Series S haina kabisa pa kuweka CD. CD zake zote za Xbox One sasa hazina kazi, wakati kwenye Series X yenye pa kuweka CD zingecheza, hata baadhi ya zile za Xbox 360 ya zamani. Muuzaji alijua, akakaa kimya, na kurudisha mzigo hataki.

Njoo kwenye bando: bila CD, kila gemu unaishusha kwa intaneti. Call of Duty inapita GB 100, na Series S ya GB 512 inakuachia kama 364 tu za gemu. Unafuta hii ushushe ile, kesho unairudia ya kwanza kwa bando jingine. Mwenye CD akimaliza gemu anaiuza au anabadilishana na mwenzake. Ya kushusha huwezi kuiuza. Na kwa PlayStation, Tanzania na Kenya hazimo hata kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti! Watu wanajiandikisha kama wako Marekani, kadi ya benki inagoma, wanaishia kununua vocha kwa walanguzi.

Sony nao: PS5 Digital ya 2020, isiyo na pa CD, huwezi kuiongezea kisoma CD. Digital ya Slim, toleo jembamba la 2023, unaweza, ila kinauzwa pembeni na lazima uwe na intaneti siku ya kukifunga. PS5 Pro ilitoka 2024 kwa dola 699, nayo haina! Nintendo wameingia humohumo, baadhi ya kadi za gemu za mashine yao ya Switch 2 hazina gemu ndani, lazima ushushe.

Kwa mazingira yetu, PS5 yenye CD ndiyo ya kununua. Inacheza CD za PS4, ambazo mtaani zimejaa, na nafasi ikijaa unaongeza SSD ya M.2 ya kawaida (hifadhi ya kompyuta), si kadi maalumu kama ya Xbox.

Wauzaji mliomo humu, andikeni kwenye tangazo: ina CD au haina. Mnaficha nini?