Tupeane uzoefu: msichana anapata nini akijiunga na skauti?

Habari zenu wadau. Binti yangu yuko darasa la tano, anataka kuingia skauti shuleni. Baba yake anasema hayo ni mambo ya wavulana. Nimemwambia wasichana walijitokeza wenyewe mbele ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, pale Crystal Palace, London, mwaka 1909, na mwaka uliofuata Girl Guides, yaani skauti ya wasichana, ikaanzishwa. Tanganyika ilifika 1928. Bado hajaridhika, anataka kusikia kwa waliopitia. Naombeni mchango wenu.

Mdau wa Tanga
Dada, mimi nilikuwa Girl Guide sekondari, shule ya bweni. Kikubwa nilichopata ni kujiamini kusema mbele za watu. Nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya wenzangu, mwalimu akinitaja natazama chini. Kwenye kikosi uongozi ulikuwa wa zamu. Yangu ilipofika tuko kambini, wingu limetanda, hema halijasimama, na wote wananiangalia mimi. Nani achote maji, nani atafute kuni, nani ashike kamba? Nikajifunza kumwita mtu kwa jina na kumpa kazi moja inayoeleweka, bila kupayuka. Leo nasimamia mafundi saiti, wengi wanaume walionizidi umri, na nawapanga vilevile. Mumeo amruhusu mtoto.

Mdau wa Dodoma
Mdogo wangu ni skauti, ana miaka 13. Mtoto wa mpangaji mwenzetu alimwagikiwa chai ya moto mkononi. Sisi watu wazima tukakimbilia dawa ya meno! Binti akatuzuia. Akamvua mtoto bangili kabla mkono haujavimba, akauweka chini ya bomba, akatazama saa mpaka dakika 20 zikaisha, mtoto analia muda wote. Ndipo akafunika kwa kitambaa safi bila kukaza, tukaenda zahanati. Najivunia sana yule mtoto.

Mdau wa Nairobi
Kwangu ni marafiki. Kambi ya Rowallan ndiyo iliyonikutanisha na wasichana wa Garissa na Kisumu. Mpaka leo tunaalikana harusini.

Baba wa mabinti
Naunga mkono, ila kuhusu kambi msisaini fomu kwa haraka. Ulizeni viongozi wa kike ni wangapi, wasichana wanalala wapi, na nani anapokea simu usiku. Mimi nilikataa safari moja kwa sababu hakukuwa na mwalimu wa kike hata mmoja. Alipopatikana, binti akaenda, akarudi salama. Mzazi kuuliza si kumnyima mtoto, ni wajibu wake.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Baba yake amesoma ya saiti mara mbili, akanyamaza, kisha akauliza bei ya sare. Kuna anayejua?

Mdau wa Tanga
Anzeni na skafu tu, avae juu ya sare ya shule. Nyingine mtanunua taratibu, mwalimu wake atawaelekeza.