Uzamili wa akiolojia bila maabara ya kupima umri: tunasomeshwa au tunakomolewa?

Wakuu, heshima kwenu. Leo namwaga nyongo, asiyependa kelele apite tu.

Nasoma uzamili wa akiolojia hapahapa Bongo. Chuo sikitaji, waliomo watajua. Ada nimelipa, darasani nimemaliza, uwandani nimekwenda pwani ya kusini, nimechimba, nimerudi na vigae vya vyungu, shanga, taka za chuma na mkaa. Tasnifu imekwama. Imekwamishwa na vipande vya mkaa vidogo kama punje ya mahindi, nilivyovifunga kwenye foili bila kuvigusa kwa mkono kama tulivyofundishwa. Viko kabatini kwa msimamizi hadi leo, kwa sababu nchi hii haina maabara ya kupima umri kwa kaboni. Lazima vipelekwe nje, na sampuli moja inakula mamia ya dola. Moja! Nayo haitoshi, maana huwezi kuamini tabaka moja la udongo. Unatakiwa upime la juu, la kati na la chini kabisa. Pigeni hesabu kwa shilingi, halafu mniambie mtoto wa mkulima wa korosho azitoe wapi.

Ruzuku ya utafiti? Ipo kwenye ubao wa matangazo. Ukiifuata ofisini ni danadana: njoo wiki ijayo, anayesaini yuko semina.

Msimamizi kaniambia nikadirie kwa vigae. Sawa, vigae vyenye mapambo ya pembetatu tunajua ni vya karne ya 6 au ya 7 hadi ya 10 hivi. Sasa swali langu la utafiti ni kama watu wa pale walianza kufua chuma kabla ya biashara ya bahari au baada yake. Kwa kigae kilichotumika karne zote hizo nitajibu nini? Siku ya utetezi mtahini ataniuliza tarehe ziko wapi, na atakuwa na haki kuuliza.

Vibali navyo: cha utafiti, leseni ya kuchimba kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, barua ya mkoa, ya wilaya, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Na sheria sina ugomvi, bila hiyo tungeshaibiwa kila kitu. Ila mkaa ukitaka kutoka nchini, kibali kingine tena. (Wanakijiji wenyewe wanaamini umefuata rupia za Mjerumani, usiku wanakuja kukuchimbulia shimo. Hiyo ina uzi wake.)

Ukitaka tarehe za bure, jiunge na mradi wa wazungu. Watakupimia, lakini swali ni lao, data ni yao, na makala ikitoka jina lako utalitafuta kule mkiani. Wenzangu wamekwenda huko na siwalaumu, njaa haina baunsa.

Kinachoniuma ni hiki. Zinj, yule zamadamu maarufu, alipatikana Olduvai mwaka 1959. Majivu ya volkano ya tabaka lake yakapimwa Berkeley, Marekani, na mwaka 1961 dunia ikatangaziwa: miaka milioni 1.75. Mwaka huohuo Tanganyika ikapata uhuru. Mpaka leo bado tunafunga sampuli na kupeleka majuu! Lakini kwenye hotuba za utalii hatukosekani: chimbuko la binadamu, nyayo za Laetoli, Kilwa Kisiwani urithi wa dunia tangu 1981, michoro ya Kondoa tangu 2006. Watalii wanalipa viingilio, na mwanafunzi wa fani hiyohiyo hana hela ya kupimia mkaa.

Najua mashine yenyewe ni mamilioni ya dola, sijasema kila chuo kinunue. Afrika Kusini wanayo. Hata wangekata kidogo tu kwenye hivyo viingilio wakalipia sampuli za wanafunzi, nani angekufa?

Sasa naomba wenye uzoefu mnisaidie. Kuna maabara inayopokea sampuli za wanafunzi kwa bei ya kuvumilika? Waliopeleka Afrika Kusini, majibu yalichukua muda gani? Kibali cha kusafirisha mkaa mlianzia mlango upi? PM iko wazi. Wale wa "ungesoma unesi" kaeni na ushauri wenu, mwezi ujao naanza kulipia ada ya kuongezewa muda na sina nafasi ya kubishana.